Kabla ya kuripoti maktaba inayogoma kusakinishwa

Maktaba ya Python ikigoma kusakinishwa, irudie kwanza kwenye mazingira matupu: python -m venv jaribio, yawashe, kisha pip install -v na jina la maktaba, ukimalizia na > logi.txt 2>&1. Humo hakuna vifurushi vya zamani vya kugombana navyo, kwa hiyo hitilafu ikijirudia, hata wasimamizi wa maktaba hiyo huenda wakaipata kwao. Soma logi.txt, faili lililopokea ujumbe wote wa usakinishaji, kuanzia juu. Mstari wa mwisho mara nyingi ni makelele tu, chanzo kiko mbali huko nyuma. Ukikuta inalalamika kuwa Python.h (faili la Python linalohitajika kujenga msimbo wa C) haipo, mbinu hii ya mazingira matupu haitakufaa: sakinisha python3-dev, kifurushi chenye faili hilo, kama uko kwenye Linux ya Debian au Ubuntu, na maktaba ya watu uiache, haina kosa.