Linda jina na picha za duka lako la mtandaoni kabla hujaanza kulipia matangazo

Mwongozo huu nawaandikia wanaouza kwa Instagram na WhatsApp hapa Dar: mwenye mikoba Sinza, mwenye viatu Kariakoo, anayechanganya mafuta ya nywele nyumbani Tabata na kuyatuma Mwanza kwa basi. Kuwahudumia ndiyo kazi yangu, na karibu kila anayekuja ofisini ana imani moja: kwamba cheti cha jina la biashara kutoka BRELA, wakala wa serikali wa usajili wa biashara na leseni, kimemfanya mwenye jina hilo. Sivyo. Cheti kile kinaonyesha nani anafanya biashara kwa jina fulani. Haki ya kumzuia mwingine asibandike jina hilo kwenye bidhaa zake inatokana na usajili wa alama ya biashara (jina au nembo inayotambulisha bidhaa zako), chini ya Sheria ya Alama za Biashara na Huduma ya 1986. Ni maombi mawili tofauti na vyeti viwili tofauti, ingawa ofisi ni moja.

Hatua ya 1: Chunguza jina

Anza na mfumo wa BRELA wa usajili kwa njia ya mtandao, uone kama jina limeshachukuliwa. Kisha litafute Instagram, TikTok na Facebook, ukibadilisha tahajia, maana alama inayofanana kwa sauti nayo inaweza kukukwamisha. Kabla ya kulipia maombi, omba BRELA wakufanyie upekuzi rasmi wa alama kwenye daraja, yaani kundi, la bidhaa zako (madaraja nayaeleza Hatua ya 3).

Hapohapo amua kama jina lenyewe linafaa. Muuza viatu akichagua "Viatu Imara", msajili ana sababu ya kumkatalia, kwa kuwa kila muuza viatu ana haki ya kusema viatu vyake ni imara. Akichagua "Ngalawa", neno lisilohusiana na viatu kabisa, ana nafasi nzuri zaidi. Najua jina linaloeleza bidhaa linauza haraka, lakini ndilo gumu zaidi kulilinda. Mimi ningechagua Ngalawa.

Hatua ya 2: Rasimisha biashara

Jina la biashara au kampuni BRELA (utahitaji namba ya NIDA), TIN (namba ya mlipakodi) kutoka TRA, leseni ya biashara. Haya yameelezwa sana kwingine, siyarudii.

Hatua ya 3: Omba alama ya biashara

Hapa ndipo pa kutulia. Bidhaa na huduma zote zimepangwa kwenye madaraja 45 ya kimataifa, na ulinzi unaupata kwenye daraja uliloomba. Nguo na viatu ni daraja la 25. Mikoba ya ngozi ni la 18, vipodozi ni la 3, chai, kahawa na viungo ni la 30. Kuuza rejareja bidhaa za watu wengine ni huduma, iko la 35. Kila daraja lina maombi yake na ada yake, kwa hiyo kama fedha ni kidogo, anza na daraja la bidhaa inayokulisha.

Fomu itakuomba alama yenyewe. Kama nembo yako inabadilika kila msimu, sajili kwanza jina kwa herufi za kawaida, bila mapambo; nembo itafuata ikishatulia. Kwenye maelezo ya bidhaa usiandike "vitu vya wanawake". Andika "magauni, sketi, blauzi, viatu". Maelezo ya kijumla huzaa maswali ya mkaguzi, na kila swali ni muda unaopotea.

Maombi yakikubaliwa hutangazwa kwenye jarida la alama, na mwenye pingamizi ana siku 60 za kulileta. Likikosekana, cheti kinatolewa. Kinadumu miaka 7 kuanzia tarehe ya maombi, kisha unahuisha kwa miaka 10 kila mara. Weka kikumbusho kwenye simu mapema.

Usajili huu unakulinda Tanzania Bara tu. Zanzibar ina sheria yake na ofisi yake, BPRA. Kama wateja wako wako Unguja, omba na huko.

Hatua ya 4: Picha na nembo

Hakimiliki huzaliwa pale kazi inapotengenezwa, bila usajili, chini ya sheria ya 1999. Ukiiandikisha COSOTA, ofisi ya hakimiliki, unapata ushahidi mzuri, nakushauri uiandikishe. Tatizo kubwa ni nani hasa mwenye hiyo haki. Ulimlipa kijana akuchoree nembo, mpiga picha akapiga picha za bidhaa. Risiti ya malipo usiitegemee. Andikeni na mtie sahihi wote wawili, hata nusu ukurasa:

*"Mimi (jina), mchoraji wa nembo iliyoambatishwa, nimelipwa shilingi ____ na ninamhamishia (jina) haki zote za kiuchumi katika nembo hii, kwa matumizi yote na kwa muda wote wa hakimiliki. Tarehe, sahihi, mashahidi."*

Na picha ya mtu mwingine uliyoitoa mtandaoni usiitumie, hata kama bidhaa ni ileile.

Hatua ya 5: Ukurasa wa duka

Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inamtaka muuzaji ajitambulishe kwa mnunuzi na aieleze bidhaa kabla ya oda. Weka jina kamili, mahali ulipo, simu, bei, gharama ya usafiri na masharti ya kurudisha mzigo. "Bei inboksi" iache. Inamnyima mteja taarifa na inaleta ugomvi usio na lazima. Bei iwe kwa shilingi, maana kanuni za 2025 zinakataza kunadi kwa dola bidhaa zinazouzwa ndani ya nchi.

Majina, namba na anwani za wateja ni taarifa binafsi chini ya Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Usizirushe kwenye magrupu, wala usibandike skrinshoti ya mteja yenye namba yake. Suala la kujisajili kama mkusanyaji wa taarifa hizo, ulizia Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi.

Hatua ya 6: Ukiigwa

Usianze kwa kugombana naye kwenye komenti. Atafuta kila kitu. Piga skrinshoti zinazoonyesha jina la akaunti, tarehe na kiungo. Nunua kipande kimoja, utunze risiti, ujumbe wa muamala na kifungashio. Mahakama hupokea ushahidi wa kielektroniki, ila huangalia ulivyotengenezwa na ulivyohifadhiwa, hivyo tunza simu yenyewe yenye mazungumzo ya awali.

Kisha ripoti kwenye mtandao husika ukiambatisha cheti cha alama, na mtumie mhusika notisi kupitia wakili. Kama ni bidhaa bandia zenye alama yako, peleka malalamiko FCC (Tume ya Ushindani) pamoja na ile sampuli uliyonunua. Kesi ya kuvunja haki ya alama iliyosajiliwa hufunguliwa Mahakama Kuu, na wakili atakuomba cheti kabla ya kitu kingine chochote.