Unapofundisha mtoto asiyesikia vizuri
Mwanafunzi mwenye usikivu hafifu hutegemea midomo na uso wa mwalimu kuliko wengi wetu tunavyodhani, kwa hiyo kumkalisha dawati la mbele pekee hakutoshi iwapo mwalimu ataendelea kufafanua somo huku ameugeukia ubao. Andika kwanza, kisha geuka, ndipo uzungumze. Usisimame ukiwa umeligeuzia dirisha mgongo, kwa sababu mwanga unaotoka nyuma yako huutia uso giza na midomo isisomeke. Mwenzake anapojibu swali kutoka nyuma ya darasa, rudia jibu hilo kwa sauti ya kawaida kabla ya kuendelea. Kupaza sauti kupita kiasi hupotosha umbo la midomo, na kwa mtoto anayevaa kifaa cha kusaidia kusikia huweza kuwa kero. Ukitaka kujua kama ameelewa, usimwulize “Umeelewa?”, maana watoto wengi huitikia “ndiyo” ili wasionekane tofauti na wenzao, jambo linaloniumiza kila ninapoliona; badala yake, mwombe akueleze kwa maneno yake mwenyewe, au kwa ishara, kazi anayotakiwa kuifanya.