Kuchagua kihariri na lugha ya kuchanganulia data za utafiti

Mwanafunzi wa uzamili anayeketi kuchanganua data zake kwa mara ya kwanza huuliza kwanza atumie programu gani. Swali hilo lina nafasi yake, lakini linalolitangulia ni kama kazi anayoifanya leo itaweza kurudiwa mwakani, na yeye au na mtu mwingine, kuanzia faili la data ghafi hadi jedwali la mwisho, bila mtu kulazimika kukumbuka alibofya wapi. Zana yoyote inayoacha hatua zote zikiwa zimeandikwa katika faili la matini tupu (maandishi yasiyo na mapambo) inakidhi haja hiyo. Isiyofanya hivyo, hata ikiwa na sura ya kupendeza, itakutia taabuni siku msimamizi atakapokuagiza uondoe kituo kimoja na kukokotoa upya kila kitu.

Tuseme una vipimo vya mvua vya kila siku kutoka vituo 12 kwa muda wa miaka 30. Hivyo ni vipimo zaidi ya 131,000. Lahajedwali la Excel la sasa lina safu mlalo 1,048,576, kwa hiyo vitaenea. Lakini mtu akikuhifadhia faili hilo kwa muundo wa zamani wa .xls, ambao mwisho wake ni safu mlalo 65,536, zaidi ya nusu ya mvua yako itabaki nje. Jambo la namna hiyo liliikuta Uingereza mwaka 2020, ambapo wagonjwa 15,841 wa korona waliachwa nje ya takwimu za kila siku kwa sababu ya muundo huohuo. Lahajedwali lina tabia nyingine pia, ya kubadilisha ulichokiandika bila kukuuliza. Wanasayansi wa jeni waliteseka kwa miaka mingi kuona jina la jeni MARCH1 likigeuzwa kuwa tarehe, hadi kamati inayosimamia majina hayo ikaamua kuliita MARCHF1. Kwa hiyo litumie lahajedwali kuingizia data na kuzitazama, kisha hifadhi nakala ya CSV (faili la matini tupu ambamo mikato hutenganisha safu) ambayo hutaigusa tena, na tarehe ziandikwe kwa mpangilio wa mwaka, mwezi na siku, kama 2024-04-03, ili asitokee mtu wa kubishana kama ni Aprili au Machi.

Kuhusu lugha ya programu, ushindani halisi kwa mtafiti wa kawaida ni kati ya R na Python, na zote mbili ni za bure. R ilianzishwa na Ross Ihaka na Robert Gentleman katika Chuo Kikuu cha Auckland, New Zealand, na toleo lake la 1.0.0 likatoka mwaka 2000. Ilitengenezwa na wanatakwimu kwa ajili ya takwimu, na mbinu nyingi mpya za takwimu huanza kuonekana huko. Python, iliyotolewa mwaka 1991, ni lugha ya kazi zote, na hukufaa zaidi ikiwa mbali na uchanganuzi unataka pia kupakua data kwa mamia ya mafaili, kuchakata picha za setilaiti au kufunza kompyuta kutambua maumbo. Ushauri wangu, ambao wapenzi wa kila upande hawaupendi, ni kwamba uchague lugha anayoitumia mtu wa karibu nawe, yule unayeweza kumwendea jioni na kumwonyesha kosa kwenye kioo. Ikiwa idara yako inatumia programu ya takwimu kama SPSS au Stata na huna namna ya kuiepuka, basi fanya kazi kwa amri zilizoandikwa: Stata ina faili lake la kuandikia amri liitwalo do, na madirisha ya SPSS yana kitufe cha Paste kinachoandika amri badala ya kuitekeleza kimyakimya.

Sasa kihariri, yaani programu ya kuandikia msimbo, zile amri zako za lugha ya programu. Kwanza kabisa, usiandike msimbo ndani ya Word, wala usiupitishe humo. Word hugeuza alama za kunukuu zilizonyooka kuwa za kupinda, na lugha za programu hazizitambui hizo za kupinda. Kihariri kinachofaa kinapaswa kuonyesha namba za mistari, kupaka rangi maneno ya lugha unayoitumia, kuonyesha nafasi na tabo zisizoonekana, kukueleza faili limehifadhiwa kwa usimbaji gani, yaani mfumo wa kugeuza herufi kuwa namba za kompyuta (chagua UTF-8 kila mara), na kutafuta neno katika mafaili yote ya folda kwa pamoja.

Hilo la alama linatuhusu zaidi sisi tunaoandika majina yenye ng'. Niliwahi kupoteza siku nzima nikitafuta mistari iliyotoweka, kumbe mhusika alikuwa ritifaa, yaani alama ya ', katika jina la kituo cha Mang'ula. Amri ya read.table, ambayo R huitumia kusoma data, isipoelekezwa vinginevyo, huichukulia ritifaa kuwa ni mwanzo wa nukuu. Hivyo katika faili lililotenganishwa kwa tabo inaweza kumeza kila kinachofuata mpaka ikutane na ritifaa nyingine, pengine mamia ya mistari mbele. Dawa yake ni kuongeza quote = "" ndani ya amri hiyo, au, kwa faili la CSV, kutumia read.csv, ambayo kwa kawaida yake haiihesabu ritifaa. Tena, ikiwa karani mmoja aliandika Mang'ula kwa ritifaa iliyonyooka na mwenzake kwa ya kupinda, kompyuta itahesabu vituo viwili. Baada ya kusoma data, linganisha idadi ya mistari na ile inayoonyeshwa na kihariri, kisha orodhesha majina yote ya vituo na uyasome kwa macho.

Kwa anayetumia R, kihariri cha RStudio kinatosha, nami sioni sababu ya mwanzilishi kutafuta kingine. Ila zima mapema chaguo la kuhifadhi vitu vya kumbukumbu unapofunga, kwa sababu mabaki ya juzi hukufanya uamini kwamba msimbo unafanya kazi. Kwa Python, VS Code ni chaguo zuri, ingawa itailemea kompyuta yenye kumbukumbu ndogo; hapo Notepad++ kwenye Windows hubeba kazi vizuri. Atakayefanya kazi kwenye seva ya mbali ajifunze angalau kufungua, kuhariri na kufunga faili kwa kihariri kiitwacho Vim. Ukikifungua bila faili, kihariri hicho hukuomba uwasaidie watoto maskini wa Uganda: mwandishi wake, Bram Moolenaar, aliwahi kujitolea Kibaale nchini humo, na ombi hilo likabaki humo.

Madaftari ya Jupyter, ambayo huandikwa na kuendeshwa kisanduku kwa kisanduku, yanapendwa kwa sababu maelezo, msimbo na michoro hukaa pamoja. Hatari yake ni kwamba visanduku vinaweza kutekelezwa bila kufuata mpangilio, hata matokeo unayoyaona yakatokana na amri uliyokwisha kuifuta. Kabla ya kumtumia mtu daftari, lianzishe upya na uliendeshe lote kutoka juu.

Fikiria pia bando na umeme. Zana za mtandaoni kama Google Colab, inayoendesha msimbo kwenye kivinjari, hukuondolea kazi ya usakinishaji, lakini mtandao ukikatika nawe umesimama. Anaconda kamili, yaani Python pamoja na vifurushi vyake vingi, hula gigabaiti kadhaa za diski. Miniconda ni ndogo, nawe huongeza unachohitaji tu. Git, inayotunza historia ya mabadiliko ya msimbo wako, hufanya kazi kwenye kompyuta yako bila intaneti.

Kabla ya kuamua moja kwa moja, chukua kituo kimoja tu kati ya vile 12, andika msimbo unaosoma faili, kujumlisha mvua ya kila mwezi na kuchora mchoro mmoja. Nakili folda hiyo kwenye flashi, uifungue katika kompyuta ya mwenzako, na uendeshe msimbo bila kubadilisha chochote zaidi ya mahali folda ilipo. Unapokwama, andika ulichokosa: ni kifurushi, ni toleo la lugha, au ni faili lililobaki kwenye meza ya kompyuta yako.