Vile unaeza kupima bakteria wa bahari wakila masizi, ukiwa hapa hapa Nairobi

Mvua ikinyesha angalia yale maji yanateremka kando ya Jogoo Road, ni meusi ti. Sehemu ya huo weusi ni masizi ya matatu na malori na majiko yetu, yanaoshwa hadi mto Nairobi, mto Nairobi unaingia Athi, Athi huko mbele inaitwa Galana halafu Sabaki, na Sabaki inamwaga baharini karibu na Malindi. Kwa hivyo hii si shida ya watu wa Pwani pekee. Mimi hukaa na watoto wa klabu ya sayansi mtaani wikendi, na swali lao lilikuwa moja tu: yakishafika huko nani anayaondoa? Hii ndio njia tumekuwa tukitumia kuwaonyesha.

Kwanza elewa unatafuta nini, usije ukakaa siku tano ukingoja maji yawe meupe. Chembe ya masizi iko na sehemu mbili. Kuna kiini cheusi cha kaboni, hicho ni kigumu sana, bakteria karibu hawakigusi na kinaeza kukaa baharini maelfu ya miaka. Alafu juu yake kumeng'ang'ania mafuta ambayo hayakuungua pamoja na kemikali za pete, yaani kaboni zimeshikana kwa mviringo. Yenye pete mbili ni naftalini, zile tembe nyeupe watu huweka kabatini kufukuza nondo. Yenye pete tano kama benzopairini ndio inajulikana kuleta kansa, na ndio huchukua muda mrefu zaidi kuliwa. Hii sehemu ya juu ndio chakula cha bakteria. Kuna mmoja anaitwa Cycloclasticus, alielezwa na wanasayansi 1995 kutoka matope ya bahari ya Puget Sound huko Marekani, na jina lake lenyewe maana yake ni mvunja pete. Mafuta yalipomwagika Ghuba ya Mexico 2010 jamaa zake walikuwa kati ya wale waliongezeka.

Anavyofanya ni hivi: anatumia enzaimu kupachika atomi mbili za oksijeni kwa pete, pete inalegea inafunguka, vipande vinaingia njia ile ile ya kupata nguvu kutoka sukari, na mwisho inatoka kabondayoksaidi na maji. Umeona sasa, akila lazima atumie oksijeni, so hatupimi weusi, tunapima oksijeni imepungua kiasi gani.

Maji ya bahari ni lazima yawe ya bahari kweli, chumvi ya jikoni kwa maji ya mfereji haitasaidia manake hao bakteria hawamo na klorini itaua hata wachache wanaoingia. Omba mtu anayetoka Mombasa akubebee lita tatu, asijaze chupa mpaka juu, aiweke mahali hakuna jua, na uyatumie kesho yake. Kijiko kimoja cha chai cha hayo maji kina bakteria kama milioni tano, kwa hivyo hauhitaji kuongeza wengine. Masizi chukua ya dizeli kutoka ekzosi ya lori iliyopoa, mwombe fundi wa garage, vaa glavu na maski manake moshi wa dizeli umeorodheshwa kama kitu kinacholeta kansa tangu 2012. Watoto wasishike hiyo kazi, fanya wewe. Majivu ya jiko si masizi, usichanganye. Kitu cha mwisho ni kifaa cha kupimia oksijeni kwenye maji, kile cha wafugaji wa samaki, hakikisha kinafanya kazi na maji ya chumvi.

Gawa maji mara tatu. Sehemu moja ichemshe dakika kumi iue bakteria, iache ipoe, halafu uitikise sana na hewa. Hapa ndipo mimi niliharibu mara ya kwanza, maji yakichemka oksijeni inatoka yote, nikasahau kuirudisha na matokeo yakawa hayana maana kabisa. Masizi yenyewe huelea, hayataki maji, kwa hivyo weka kiasi cha ncha ya kijiko kwa kichupa chenye maji kidogo ya yale uliyochemsha utikise dakika tano. Usiongeze sabuni hata tone, bakteria watakula sabuni na utadhani wamekula masizi.

Sasa chupa tatu za glasi: ya kwanza maji ya bahari peke yake, ya pili maji ya bahari na masizi, ya tatu maji yaliyochemshwa na masizi kiasi sawa. Kila moja iongezee matone mawili ya mbolea ya DAP (nusu kijiko cha chai imeyeyushwa kwa lita ya maji), bakteria wanahitaji naitrojeni na fosforasi, kaboni peke yake haiwashibishi. Pima oksijeni ya kila chupa. Usishangae ukipata kama miligramu 6 kwa lita, Nairobi iko juu karibu mita 1,700 na maji ya chumvi pia hushika oksijeni kidogo. Jazia mpaka imwagike, funga bila povu hata moja la hewa, weka kwa sanduku lenye giza. Giza ni muhimu, mwani ukipata mwanga utatengeneza oksijeni na kuficha kila kitu.

Maabara za maji hufanya hiki kipimo siku tano kwa nyuzi 20, na bahati nzuri nyumba nyingi za Nairobi ziko karibu na hapo, bora usiweke karibu na jiko.

Siku ya tano pima tena. Chupa ya tatu inafaa isishuke sana. Ya kwanza itashuka kidogo, na tofauti kati ya ya kwanza na ya pili ndio kazi ya kula masizi. Inaeza kuwa ndogo, kwa sababu masizi hushikilia hizo kemikali kwa nguvu na bakteria anapata tu zile zimeachilia zikaingia majini, kwa hivyo rudia mara mbili tatu kabla ya kuamini namba. Na watoto wataona bado ni nyeusi. Warudishe kwa kile kiini.

Ukimaliza usimwage kwa mtaro wa nje, mtaro unaenda mtoni. Chuja kwa kitambaa, kikauke, kifunge uweke na takataka, na maji yaliyobaki weka kwa choo cha sewa.