Kuchovya vyuma vya bunduki kwenye fosfeti ya manganizi

Bunduki nyingi za jeshi la Marekani za Vita vya Pili vya Dunia, M1 Garand ikiwemo, hazina ule weusi wa kung'aa wa bunduki za kuwindia. Zina kijivu kilichofifia kisichorudisha mwanga. Hiyo ndiyo fosfeti. Wamarekani huiita Parkerizing, kwa jina la kampuni ya Parker Rust-Proof ya Detroit iliyoanza 1915, ingawa mzizi wake ni hataza aliyoichukua Mwingereza Thomas Watts Coslett mwaka 1906.

Wengi huidhania kuwa ni rangi. Kumbe asidi ya fosforiki iliyomo kwenye maji ya moto hula chuma kidogo, haidrojeni hutoka kama viputo, makali ya asidi iliyogusana na chuma hupungua, na papo hapo fosfeti iliyokuwa imeyeyuka huganda juu yake kwa fuwele ndogo sana. Fuwele hizo zina vinyweleo vinavyonywa mafuta, na mafuta hayo ndiyo yanayozuia kutu. Ndiyo maana fosfeti haifichi kitu: mkwaruzo, alama ya kidole na shimo la kutu vyote hubaki pale pale, na pengine huonekana zaidi.

Sheria kwanza. Marekani, mwenye bunduki halali anaweza kuifanyia kazi hii nyumbani kwake, lakini kuwafanyia watu kwa malipo kunahitaji leseni ya serikali kuu. Kufuta namba ya bunduki ni kosa la jinai, kwa hiyo namba hufunikwa wakati wa kupiga mchanga, yaani kupulizia chuma chembe ngumu kwa hewa ya nguvu ili kukiparuza. Aliyeko Kenya au Tanzania asiguse chochote kabla ya kuuliza ofisi iliyompa kibali. Na kama bunduki ni ya kale na bado ina rangi yake ya kiwandani, iache ilivyo. Wanunuzi wa vitu vya kale huilipia rangi hiyo iliyochakaa kuliko mpya yoyote utakayoitia.

Vyuma vinavyokubali ni vya kawaida vya kaboni na vile vilivyochanganywa na metali nyingine kidogo tu. Stenlesi haishiki. Vyenye kromu au nikeli havishiki mpaka ganda hilo liondolewe. Alumini usiitie hata kwa bahati mbaya: asidi itaila, nayo itaharibu dawa yote ya kuchovyea. Springi zisiingie kabisa, kwa kuwa haidrojeni hupenya ndani ya chuma kigumu na kukifanya kikatike ghafla siku za mbele. Pale kifyatuo kinapokamatana na nyundo pia paachwe, maana fuwele hukwaruza na uzito wa kuvuta kifyatuo hubadilika.

Toa risasi, hakikisha chemba ni tupu kwa jicho na kwa kidole, peleka risasi chumba kingine, kisha fungua bunduki yote hadi kipande cha mwisho.

Maandalizi hula muda mrefu kuliko kuchovya, na hapo ndipo kazi hufaulu au huharibika. Osha mafuta kwa asetoni, kisha chemsha vyuma kwenye maji yenye sabuni kali ya kuondolea grisi. Bunduki zilizokaa ghala la jeshi zimenywa grisi ya kuhifadhia miaka na miaka, nayo hujificha kwenye nyuzi za skrubu na matundu ya pini. Zichemshe mara mbili.

Kisha piga mchanga kwa kompresa. Tumia oksidi ya alumini namba 80 hadi 120, presha ya psi 60 hadi 80, na usiiweke pua ya bomba mahali pamoja. Usitumie vidonge vya kioo. Hulainisha chuma, na fuwele hukosa pa kushika. Mchanga wa mtoni nao usiutumie kamwe, vumbi lake huharibu mapafu bila tiba. Kabla ya kupiga, ziba ndani ya mtutu na chemba, funika uso wa bolti unaokalia kitako cha risasi, na funika namba kwa tepu nene. Chuma kikitoka kiwe na kijivu kimoja kikavu, bila doa linalong'aa. Doa linalong'aa sasa litakuwa doa baada ya kuchovya.

Kuanzia hapa ni glavu safi tu. Mimina maji safi juu ya chuma: yakitandaa kama kitambaa chembamba, kiko safi. Yakijikusanya matone matone kama juu ya jani la mgomba, mafuta bado yapo, rudi kwenye asetoni. Kisha usikilaze. Chuma kilichopigwa mchanga huanza kushika kutu ndani ya saa chache, na penye unyevunyevu ni mapema zaidi.

Chombo cha kuchovyea kiwe cha stenlesi. Kwa vyuma vya bastola, sufuria ya lita 6 inatosha. Kwa mtutu wa bunduki ndefu unahitaji birika la sentimita 90 kwa 15 kwa 15, na ukilijaza hadi kina cha sentimita 11 linachukua takribani lita 15. Tumia maji yaliyokenekwa, kwa kuwa chokaa ya maji ya bomba huifanya dawa itoe mashapo. Dawa ya fosfeti ya manganizi huuzwa ikiwa nzito, na kila mtengenezaji ana uwiano wake. Lebo ikisema mililita 100 kwa lita, lita 15 zinataka lita moja na nusu. Weka maji kwanza, dawa baadaye. Kumimina maji juu ya asidi ni kujitakia kurukiwa usoni.

Dawa mpya ina njaa ya chuma. Ikikosa chuma kilichoyeyuka ndani yake, kipande cha kwanza hutoka na rangi hafifu. Kwa hiyo chukua kishungi cha pamba ya chuma namba 0000, kioshe kwa asetoni maana huja na mafuta, kitumbukize dawa ikiwa moto na ukiache kiishe.

Joto ni nyuzi 88 hadi 93 za Selsiasi, kwa kipimajoto, si kwa kukisia. Chini ya hapo fuwele huwa kubwa na chache, na chuma hutoka na mabaka. Ikichemka, fosfeti huganda ndani ya maji badala ya juu ya chuma, unabaki na tope jeupe chini na dawa iliyokwisha nguvu. Walioko nyanda za juu wawe makini zaidi: Denver, kama Nairobi, maji huchemka kwenye nyuzi 95 hivi, kwa hiyo nafasi ya kukosea ni ndogo. Tumia jiko la umeme, nje au penye hewa inayopita, kwa sababu haidrojeni inawaka.

Ziba mtutu pande zote mbili kwa vizibo vya silikoni vilivyokaza. Hewa iliyomo itatanuka kwa joto na inaweza kukirusha kizibo, kwa hiyo vishikize kwa fimbo nyembamba ya stenlesi inayopita ndani, yenye nyuzi na nati kila upande. Ning'iniza vyuma kwa waya wa stenlesi. Waya wa mabati hutia zinki kwenye dawa; wa shaba huchafua rangi.

Suuza chuma kwa maji ya moto ili kisipoze dawa, kisha kizamishe chote kwa mara moja, bila kugusa kuta za chombo. Viputo huanza baada ya sekunde chache, vingi kama vya soda iliyofunguliwa. Kigeuze kila baada ya dakika mbili, kwa kuwa kiputo kilichonaswa kwenye shimo huacha alama nyeupe ya mviringo. Viputo vikikaribia kuisha, mara nyingi kati ya dakika 8 na 15, kazi imekwisha. Kukiacha zaidi hakuleti weusi, huleta unga.

Kitoe, kisuuze kwa maji ya moto, kisha kichemshe dakika tano kwenye maji yenye kijiko kikubwa cha soda ya kuokea kwa kila lita ili kuua asidi. Suuza tena. Kingali na moto, kipulizie WD-40, mafuta mepesi ya kopo, kusukuma maji nje ya matundu, halafu kizamishe kwenye mafuta ya bunduki au ya injini usiku kucha. Hapo ndipo kijivu cha majivu huwa cha makaa. Usihukumu rangi kabla ya mafuta.

Vivuli viwili kwenye chuma kimoja mara nyingi ni kazi ya moto wa kiwandani: sehemu iliyotiwa ugumu hushika fosfeti tofauti, na kurudia hakusaidii sana. Mabaka yenye mipaka kama ramani ni mafuta. Unga mweupe unaofutika ni mashapo. Sugua kwa brashi ya nailoni yenye mafuta. Chuma kikitoka bila kubadilika rangi na hakikutoa kiputo, ni stenlesi, au dawa imekufa. Tumbukiza msumari wa kawaida uliosuguliwa msasa ujue ni lipi.

Dawa ikipoa, ichuje kwenye galoni la plastiki, andika kilichomo na tarehe, ifungie mbali na watoto. Itatumika tena. Ikikwisha, usiimwage kwenye sinki wala mtaroni. Ipeleke kituo cha kupokea taka za kemikali, pamoja na tope lililobaki chini.