Sakafu ya chumba cha chini inayotoa maji: pima masika, paka kusi

Lindi mjini, nyumba za mteremkoni nyingi zina chumba kilichochimbwa ndani ya kilima. Mbele kuna mlango unaotazama ghuba, nyuma ukuta umelaliwa na udongo. Wengine wanakifanya stoo, wengine wanakipangisha. Shemeji yangu alipaka sakafu ya chumba cha namna hiyo rangi ya mafuta ya bei mbaya, na mvua za kwanza zilipokolea rangi ikaanza kubambuka kama ngozi ya mgonjwa. Hatua hizi ni zile nilizompitisha baadaye. Zinamfaa pia mtu wa Mikindani au bondeni kokote ambako chumba cha chini hakuna, ila jamvi, yaani zege la sakafu, limekaa karibu na maji ya ardhini.

Kwanza tumalizane na rangi ya mafuta. Saruji ni kali kama kostiki. Maji yakipanda kutoka chini yanaubeba ukali huo hadi juu, na ukali ukikutana na mafuta ya rangi unapata kitu kile kile anachopata mpika sabuni ya mafuta ya nazi. Rangi inalainika, inanata, inaachia. Hata makopo kumi hayabadilishi hesabu hiyo.

Hatua ya 1: Toa vitu vyote

Vyote, pamoja na kapeti la plastiki. Ukilinyanyua ukakuta weusi na harufu ya uvundo chini yake, tayari umeshaanza kupata majibu ya hatua ya 3.

Hatua ya 2: Zunguka nje

Fanya hivi mvua inaponyesha, na mwavuli wako. Tazama maji ya paa yanaangukia wapi. Nyumba nyingi hazina gata, kwa hiyo bati lote linamwaga mguuni pa ukuta. Tazama maji ya kuogea na ya kuoshea vyombo yanaenda wapi, na karo la choo liko umbali gani. Udongo unaozunguka nyumba unatakiwa uteremke kwenda mbali na ukuta, kama sentimita 15 katika mita 3 za mwanzo. Upande wa kilimani hilo haliwezekani, kwa hiyo pale chimba mtaro sambamba na ukuta, chini kidogo ya usawa wa sakafu ya ndani. Laza bomba lenye matundu, jaza kokoto, funika kokoto kwa sandarusi kabla ya kurudisha udongo ili matope yasizibe, na mdomo wa bomba utokee mahali pa chini zaidi. Usichimbe chini ya msingi. Hilo mwite fundi aliyesomea.

Nyumba mbili kati ya tatu ninazoitwa, kazi ingeweza kuishia hapa. Mwenye nyumba hapendi kusikia, kwa sababu mtaro hauonekani na wageni hawausifii.

Hatua ya 3: Jua maji yanatoka upande gani

Hapa ndipo watu wanaporuka, na hapa ndipo nitakapokuchosha.

Sakafu yenye maji ina sababu tatu zinazofanana machoni. Ya kwanza, maji yanapanda kutoka ardhini kupitia zege. Ya pili, sakafu inatoka jasho: kaskazi inapovuma hewa ya pwani inajaa mvuke, jamvi lililo chini ya ardhi ni la baridi, na umande unatua juu yake asubuhi. Ya tatu ni chumvi. Jamvi lililochanganywa kwa mchanga wa baharini lina chumvi ndani yake, na chumvi huvuta unyevu wa hewani hata kama ardhi chini ni kavu. Kila moja ina dawa yake, na dawa ya moja haitibu nyingine.

Kipimo ni cha bei rahisi. Kata nailoni nzito inayoonyesha, vipande vya mraba wa sentimita 45. Bandika sakafuni pande zote nne kwa selotepu pana, usiache tundu. Acha angalau saa 16. Mimi naacha siku mbili, kwa sababu zege nene halina haraka. Kisha tazama kabla hujabandua:

Matone yakiwa chini ya nailoni, au zege chini yake limekuwa jeusi kuliko la pembeni, maji yanapanda. Nailoni ikilowa juu na chini pakiwa pakavu, ni jasho. Pembeni pakiwa na unyevu siku za fukuto, chini ya nailoni pakavu, na ukikwangua unapata unga mweupe, shuku chumvi.

Sasa mitego yake. Selotepu haishiki kwenye vumbi, kwa hiyo fagia na upanguse kwanza, na ukikuta kona moja imeachia, kipimo hicho kitupe. Usibandike mahali jua la mlangoni linapopiga, litakudanganya. Kipande kimoja hakitoshi: weka katikati, weka mguuni pa ukuta wa kilimani, weka kwenye kila kona, weka na pale palipo na ufa. Chumba cha shemeji kilikuwa kikavu katikati na kimelowa nyuma, na fundi wa kwanza alipima katikati tu. Kama sakafu ina rangi ya zamani, kwangua hadi zege lenyewe kwa eneo la nailoni, la sivyo unaipima rangi. Majibu mawili yakitokea pamoja, yaani juu na chini kote kumelowa, chukulia kwamba maji yanapanda, ushughulikie hilo kwanza.

Mtego mkubwa kuliko yote ni kalenda. Huku kwetu mvua ni za msimu mmoja, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili au Mei. Mtu akipima Agosti, kusi limekausha kila kitu, nailoni inatoka kavu kabisa, anapaka, anafurahi. Februari anakupigia simu. Kwa hiyo pima ardhi ikiwa imeshiba maji, na kazi ya kupaka ingoje Julai hadi Septemba. Ndiyo, ni kungoja miezi. Mteja asiyetaka kungoja namwambia atafute fundi mwingine, na huwa hakosi kumpata.

Ukiona maji yanachuruzika kabisa kupitia ufa, usipake kitu chochote. Rudi hatua ya 2.

Kama ni jasho tu, funga mfuko wa fedha. Fungua dirisha mchana hewa ikiwa kavu, funga asubuhi, na ukipenda weka mkeka wa ukindu badala ya plastiki.

Hatua ya 4: Safisha

Chumvi isugue ikiwa kavu, kwa brashi ya waya, ufagie na uitupe nje. Ukianza na maji unaiyeyusha na kuirudisha ndani. Rangi ya zamani iondoe kwa grinda, vaa barakoa na miwani. Asidi siipendi, hasa kwenye chumba chenye mlango mmoja: inaacha maji na chumvi nyingine, na mvuke wake unakaba. Ukiitumia basi mimina asidi ndani ya maji, kamwe usimimine maji ndani ya asidi.

Hatua ya 5: Nyufa na kona

Nyufa zipanue kwa tindo hadi kina cha sentimita 2, futa vumbi, jaza mchanganyiko wa saruji usiosinyaa. Pale ukuta unapokutana na sakafu, weka mviringo wa mchanga na saruji, 3 kwa 1, usiache kona kali. Maji hupenda kona ile.

Hatua ya 6: Wotapruf ya saruji

“Shemeji, si nipake epoksi nimalize?” Swali hili naulizwa kila mara, kwa sababu epoksi inang'aa na kila duka la Mtwara linakuonyesha picha yake. Epoksi ni rangi ya plastiki inayokauka kuwa ngozi isiyopitisha mvuke. Mvuke ukisukuma kutoka chini unaivimbisha malengelenge yenye maji ndani. Inataka zege kavu, lililokomaa siku 28 kama ni jipya, na sakafu yenye joto la angalau nyuzi 3 juu ya kiwango ambacho hewa huanza kutoa umande. Chumba cha chini cha pwani kinashinda sharti hilo siku chache sana za mwaka. Kwa gereji ya juu yenye hewa, sawa, paka.

Kwa chumba cha chini nachukua wotapruf, dawa ya kuzuia maji, ile ya unga ya saruji. Inashikana na zege na kuwa sehemu yake, kwa hiyo msukumo wa maji hauibandui kirahisi. Na, kinyume cha rangi, inataka zege lililoloweshwa: mwagia maji, subiri hadi madimbwi yaishe na uso ubaki na unyevu tu. Koroga kwa kipimo cha mfuko, usiongeze maji ili ipakike kwa urahisi. Tumia brashi ngumu, rola huacha matundu madogo. Mkono wa kwanza uende upande mmoja, wa pili uukate msalaba, na upandishe ukutani sentimita 30. Mikono miwili yenye unene wa jumla wa milimita 2 inakula kama kilo 3 hadi 4 kwa mita ya mraba, kwa hiyo sakafu ya mita 3 kwa 4 peke yake inataka kilo 36 hadi 48, mbali na ile ya ukutani. Muuzaji akikuambia kilo 10 zinatosha, anakuuzia rangi nyeupe. Nyunyizia maji kidogo siku tatu, na ziba mlango kwa kitambaa upepo wa kusi usiikaushe ghafla ikapasuka.

Hatua ya 7: Niru

Pakaza uji wa saruji, kisha lipu ya sakafu ya mchanga wa mtoni, 3 kwa 1, unene wa sentimita 4, na upige niru, ule uso laini wa saruji, juu yake. Saruji haina shida, kiwanda cha Dangote kiko hapa hapa Mtwara. Mchanga ndio wa kuangalia: ukiletewa wenye vipande vya kombe, mrudishe dereva nao.

Kabla ya lipu pima mlango, kwa kuwa sakafu itapanda. Mlango ukikwaruza, seremala apunguze chini, na ile mbao iliyokatwa ipakwe rangi siku hiyo hiyo kabla hajaondoka, maana akishalipwa harudi.