Kabla hujalala kwenye kitanda cha fundi wa nyusi

Kazi yangu ni kupamba maharusi, kwa hiyo nyuso za wanawake naziona asubuhi na mapema, dirishani, kabla hazijapakwa chochote. Nyusi za kuchora nimezikuta za kila aina. Kuna zilizokaa vizuri mpaka natamani kumjua fundi, na kuna zinazonikalisha nusu saa nzima na konsila wakati bibi harusi anaulizwa kama yuko tayari. Ukiniambia unakwenda kuchora, sikukatazi. Ila kaa kwanza, tuzungumze.

Jua kitu chenyewe. Waite maikrobledi, nyusi za poda, wanja wa kudumu au rangi ya midomo, yote hayo ni tatuu. Maikrobledi hufanywa kwa kijembe cha mkono chenye sindano nyembamba zilizopangwa mstari. Kinachana michirizi midogo mfano wa vinyweleo, wino unaingia humo. Nyusi za poda hupigwa kwa mashine, nukta kwa nukta. Wino wake huwekwa juu juu kuliko wa tatuu ya mkononi, ndiyo maana kwa wengi hufifia ndani ya mwaka mmoja hadi mitatu. Kufifia siyo kutoka. Fundi akikandamiza mkono, utazeeka na mabaki yake.

Sindano mpya, ifunguliwe mbele ya macho yako. Wino umiminwe kwenye kikombe kidogo cha kwako peke yako, na unaobaki utupwe. Glovu mpya. Fundi akikwambia kijembe hiki "nimekichemsha", chukua mkoba wako uondoke, kwa sababu homa ya ini aina ya B na C na virusi vya Ukimwi hupita kwenye damu, na damu hapo ipo hata kama huioni. Una mimba au unanyonyesha, subiri. Una kisukari, au unatumia dawa za kuzuia damu isigande, daktari wako kwanza, fundi baadaye. Ulitumia vidonge vikali vya chunusi, vile vya isotretinoini? Wengi hushauriwa wakae miezi sita mpaka mwaka baada ya kuviacha. Na kama ulitoboa sikio likaota nundu, au una kovu kifuani linalozidi kukua, ngozi yako inatengeneza keloidi. Usiipe jeraha jingine, tena la usoni, bila kumwona daktari wa ngozi.

Ngozi yako ni ya mafuta? Amka, usinawe, bandika karatasi laini kwenye paji la uso. Ikitoka imelowa, achana na michirizi ya maikrobledi. Kwa joto la Dar na mafuta hayo, baada ya miezi kadhaa ile michirizi itaungana iwe doa moja. Nyusi za poda zitakufaa zaidi. Fundi mzuri atakuambia hivyo mwenyewe, hata kama ulikuja na picha ya nyusi za mtu mwingine kwenye simu.

Mkorogo, sasa, na tusidanganyane. Krimu nyingi za kujichubua zina dawa kali za steroidi ndani, hata pale kopo lisipoandika. Ngozi iliyozizoea inakuwa nyembamba, inavuja damu upesi, inachelewa kupona, na damu ikitoka nyingi wino haushiki vizuri. Kuna jambo jingine ambalo mafundi wengi hawalisemi. Rangi ya nyusi inachaguliwa kulingana na uso ulio nao siku hiyo. Siku utakapoacha mkorogo, uso wako halisi unarudi, na nyusi zilizolinganishwa na uso wa krimu zinabaki zimekaa peke yao. Acha kwanza, ngozi itulie, ndipo uchore.

Na piko. Wa Pwani mnanielewa. Ile hina nyeusi tii ya maharusi, inayoshika kwa dakika chache, mara nyingi ni rangi ya nywele, na ndani yake kuna kemikali iitwayo PPD. Kama uliwahi kupakwa piko mkono ukawasha, ukatoa malengelenge kwa kufuata maua yenyewe, usichukulie kuwa yalipita. Mwili ukishaikataa PPD huwa hausahau. Rangi za kutia nyusi na kope saluni nyingi zinayo. Na baadhi ya dawa za ganzi, hasa benzokeini na tetrakeini, zina undugu wa kikemia na PPD, kiasi kwamba anayedhurika na piko anaweza kudhurika na krimu ya ganzi kabla hata wino haujaguswa. Kwa hiyo mweleze fundi habari ya piko, na umuulize ganzi yake ni ya aina gani. Akishindwa kukuonyesha kopo lenye maandishi, huyo hajui anachokupaka.

Ganzi yenyewe siyo mafuta ya kujipaka ovyo. Machi 2024 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilitoa onyo kuhusu krimu za ganzi zinazouzwa kwa ajili ya tatuu na nyusi zikiwa na lidokeini inayozidi asilimia 4. Ikiingia mwilini nyingi inaweza kuvuruga mapigo ya moyo, kuleta degedege na kubana pumzi. Kupakwa tabaka nene, kisha ukafungwa nailoni juu, kisha fundi akaongeza nyingine kwenye ngozi iliyokwisha chanwa, ndiyo njia ya mkato ya kufika huko.

Omba kujaribiwa nyuma ya sikio siku moja au mbili kabla, wino na ganzi pia. Jaribio zuri linapunguza hatari tu. Kuna watu wino umewakataa baada ya miezi, wengine baada ya miaka, hasa rangi zenye wekundu.

Tarehe. Jamani, tarehe! Usichore wiki ya sendofu. Siku za mwanzo nyusi zinakuwa nyeusi na nene kuliko ulivyotaka, halafu vigaga vinaanza kubanduka, halafu zinafifia mpaka unadhani umeibiwa, kisha rangi inarudi polepole. Juu ya vigaga mimi siwezi kukupaka fondesheni. Rangi ya kweli huonekana baada ya mwezi hivi, na marudio hufanywa baada ya wiki sita au nane. Kwa hiyo hesabu miezi mitatu nyuma kutoka siku ya shughuli yako. Katika siku za kupona hutakiwi kuloweka nyusi, hutakiwi jasho jingi, jua, bahari wala kuoshwa nywele kichwa kikining'inia kwenye sinki. Anayepanda daladala mbili kila siku mwezi wa Februari achague mwezi mwingine.

Kwa sisi Waislamu kuna swali la udhu katika siku hizo, na kuna swali kubwa zaidi, kwa kuwa hadithi inayolaani kuchanja ngozi ipo wazi na wapo wanaojitetea kwamba hii ya kufifia haihusiki. Mimi si shehe. Muulize wako, tena kabla, maana nimeona wanaouliza baadaye na jinsi wanavyokosa raha.

Midomo nayo ina mambo yake. Kama hutokwa na vile vipele vya homa pembeni mwa mdomo, sindano zinaweza kuviamsha. Virusi vyake wanavyo karibu theluthi mbili ya watu walio chini ya miaka 50 duniani, wengi bila kujua, na vikishaingia mwilini haviondoki. Daktari anaweza kukuandikia dawa ya kuvizuia uanze kabla ya siku yenyewe. Usiache, kwani vikiamka vitakula rangi uliyolipia. Na mwenye midomo ya asili nyeusi asiahidiwe waridi kwa siku moja. Kwanza hupigwa rangi ya kuelekea machungwa ili kuua weusi wa chini, wakati mwingine zaidi ya mara moja. Na ngozi zetu zikichokozwa huweza kujibu kwa kuwa nyeusi zaidi ya mwanzo.

Nije kwenye rangi ya nyusi, maana hapa ndipo nilipomwona mtu akilia kwenye kiti changu.

Dada huyu nilimpamba harusi yake, baadaye nikawapamba wadogo zake. Aliomba nyusi nyeusi kabisa, fundi akampa alichoomba. Nyeusi ile hutokana na masizi ya kaboni, chembe ndogo mno, na ikikaa chini ya ngozi kwa muda huanza kuonekana ya kijivu chenye ubuluu. Zake zikawa hivyo, na mikia ikatanuka ikashuka kuelekea kwenye jicho. Akaenda kwa fundi wa pili. Yule akamwambia hakuna shida, tunafunika. Akachukua wino wa rangi ya ngozi, akaichora ile mikia juu yake, akamchorea mingine mipya.

Siku ya kwanza ilipendeza, hata mimi niliona picha. Lakini uso hubadilika kwa jua, na wino haubadiliki pamoja nao. Baada ya muda pale palipofunikwa pakawa na rangi ya kupauka, kama plasta iliyobandikwa pembeni mwa paji. Akaamua kufuta kwa leza.

Hakuna aliyemwambia hili, na mpiga leza hakumuuliza alichorwa nini. Wino wa rangi ya ngozi, na nyingi za waridi na nyeupe, huchanganywa na titani oksidi nyeupe na oksidi ya chuma, ile ile jamaa ya kutu. Mwale wa leza ukizipiga, huweza kubadilika kikemia: kutu nyekundu inageuka nyeusi, nyeupe nayo inageuka ya kijivu. Inatokea hapo hapo. Ubuluu wa mikia ya zamani ulipungua, lakini ule wino wa rangi ya ngozi ulioifunika ukawa mweusi wa jiwe la slate kabla hajashuka kitandani.

Alikuja kwangu kwa ajili ya sendofu ya mdogo wake. Kila upande mikia miwili, mmoja wa juu na mmoja wa chini. Nilianza na rangi ya machungwa ili kuvunja ule weusi, nikaipigapiga kwa sponji, nikaweka konsila, poda, nikarudia. Dirishani ilionekana safi. Ulipofika wakati wa keki, jasho limeshafanya kazi yake, weusi umechungulia tena, na mpiga picha yuko hatua mbili mbele yake. Baadaye aliendelea na leza kwa mtu anayejua, raundi kwa raundi, kwa kuachiana wiki nyingi, na ule weusi ukawa unapungua. Aliambiwa pia kwamba kwenye ngozi nyeusi lazima itumike leza ya mawimbi marefu, ya nanomita 1064, na kwa tahadhari, kwa sababu leza isiyofaa inaweza kuchoma na kuacha mabaka meupe.

Kwa hiyo sikiliza. Usiombe nyeusi, omba kahawia iliyokolea, hata kama nywele zako ni nyeusi. Kahawia nazo zina tabia yake, nyingine huishia wekundu, lakini wekundu unarekebishika. Fundi akikwambia atafunika kosa kwa wino wa rangi ya ngozi, kataa. Kosa la wino linapunguzwa, halizikwi chini ya wino mwingine. Na ukienda leza, sema kila kitu ulichowahi kuchorwa, kisha udai ajaribu nukta moja sehemu iliyojificha, msubiri muone imegeuka rangi gani, ndipo aendelee.

Piga picha chupa ya wino: jina, namba ya toleo, tarehe ya kuisha. Umoja wa Ulaya tangu Januari 2022 umewekea mipaka maelfu ya kemikali kwenye wino za tatuu, hizi za mapambo zikiwemo, na zile zisizoruhusiwa huko lazima ziuzwe mahali fulani. Picha hiyo itakufaa ukipata aleji, itakufaa kwa mpiga leza, na ukiitwa kwenye kipimo cha MRI utamweleza mhudumu kwamba una wino usoni, kwani oksidi ya chuma huweza kufanya ngozi ichomechome au ivimbe kidogo kwenye sumaku ile. Ukienda kuchangia damu sema pia. Watakuomba usubiri miezi.

Mchoro wa kwanza wa penseli uchorwe ukiwa umekaa, siyo umelala, maana ukilala uso unateleza nyuma na nyusi zinapanda. Tazama kwenye kioo kwa mwanga wa mchana, usikunje uso, usicheke. Hujaipenda, ifutwe, hapo bado ni bure. Tinda nyusi zako kidogo tu kabla ya kwenda, mwachie fundi umbo la asili la kufuata. Omba picha za wateja waliokwisha pona, siyo za dakika ileile wino ukiwa mbichi, na ziwe za ngozi kama yako. Usiende kwa sababu ya ofa inayoisha leo. Usiende na shoga mwenye haraka. Usichorwe chumbani kwa mtu huku watoto wanaingia na kutoka, na simu ya fundi iwe mbali, kwa sababu nimemwona mmoja akipokea simu na glovu zake, akaongea mpaka akamaliza, akairudisha mfukoni, kisha akarudi kwenye jicho la mteja na glovu zilezile.